Pia

Ramani ni ya bure, ya duka la dawa,
imekunjwa mara nane, kahawa imemwagikia Kuba.
Verlin ameibandika mezani kwa utepe wa mafundi bomba
tangu Juni mosi, kama mtu atandikaye kitanda
cha mgeni asiyesema atafika lini.
Penseli tatu: bluu, njano, nyekundu.
Nyekundu imebaki urefu wa kidole gumba.

Saa nne usiku huja namba.
Ishirini na mbili nukta nne kaskazini,
themanini na sita nukta moja magharibi.
Mimi nasoma, yeye anatia nukta,
kisha anapuliza vumbi la penseli polepole,
kama ampulizaye mtoto jicho lililoingia mchanga.

Kimbunga kimepewa jina Rosamund. Herufi ya R,
na Septemba bado ina wiki nzima mfukoni.
Wataalamu wamekichorea pia:
ncha iko baharini, tumbo limelalia Texas,
Louisiana yetu, Mississippi, Alabama pia.
Na chenyewe ni pia nyingine,
inazunguka bila mtoto wala uzi.

Ozeline Trahan apiga simu kutoka ng'ambo ya mfereji:
"Atakata kulia. Goti langu limesema."
"Goti lako lilisema hivyo mwaka juzi," Verlin ajibu,
"tukaenda kuokota friji yako kanisani."
Miaka thelathini wanabishana hivi,
dau ni sufuria ya kamba wa kuchemsha.

Mimi nauza tairi. Sikusomea hewa.
Lakini usiku ule picha ya setilaiti ilipofunguka
na jicho likatokea, jeusi, la duara, safi,
nilisimama wima. Macho hayana pazia, wanasema,
na lile lilinitazama hadi kwenye mifupa.
Ndege ya watafiti ikapenya, ikadondosha kipimo:
milibari mia tisa thelathini na nne.
Saa sita kabla, mia tisa hamsini na moja.
Nikapiga meza kofi: "Shuka, mama, shuka!"

Nakiri. Nilisema hivyo.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
nami sikuuliza mwenyeji ni nani.

Verlin hakupiga kofi.
Alipokuwa na miaka sita, redio iliwaambia walale,
asubuhi wataambiwa.
Mama yake alimfunga kwa kamba ya kuanikia nguo
kwenye dohani, juu ya paa.
Kwa mdogo wake kamba haikutosha.
Hilo alinisimulia mara moja tu,
huku akichonga penseli,
na hakuinua uso.

Saa kumi alfajiri namba zikageuka.
Kulia. Goti la Ozeline halikudanganya.
Upepo wetu ukalegea, mialoni ikatulia,
nami nikahisi kitu kifuani nisichotaka kukitaja:
kijicho, pengine, jicho dogo
lililonyimwa sherehe.

Mchana kikatua Florida, kwenye mji
ambao ramani ya duka la dawa haiujui.
Verlin aliniomba nimsomee herufi moja moja.
Akauandika kwa wino, si kwa penseli,
nje kidogo, ndani ya bahari, kwa kukosa nafasi:
watu mia nane na ushei, shule moja, daraja moja.
"Sasa upo," akasema.

Kamba wa Ozeline hawakuchemshwa Jumapili ile.
Tulipakia maturubai, misumeno miwili, maji,
na tairi sita nilizoziandika dukani kuwa hasara.
Nilipokuwa nikikaza mizigo garini
nilichungulia dirishani. Redio ilikuwa ikisema
wimbi jipya la hewa limetoka pwani ya Senegali,
halina jina bado, pengine halitalipata,
na Verlin, kofia kichwani, viatu miguuni,
alikuwa ameinamia ramani
akiitafuta penseli ya bluu.